Maji ya Hodi

Misumari ndiyo iliyoniumbua.

Ilipigiliwa kwenye ukuta wa kibanda cha lango, safu tano ndefu, na juu ya kila msumari kulikuwa na jina lililoandikwa kwa chokaa. Mchome. Mama Kiondo. Mwalimu Mgonja. Mchungaji. Nilihesabu mpaka mia na themanini nikaacha, maana jua la Alhamisi lilishapanda na mimi nilikuja Vumbeni kusherehekea, si kuhesabu misumari.

"Hii yote ya nini?" nikamuuliza mwenyeji wangu.

Mwenyeji wangu alikuwa Bi. Nambike, fundi cherehani, mwanamke wa miaka hamsini hivi, utepe wa kupimia nguo shingoni na baragumu la pembe kwapani. Baragumu hilo alilirithi kwa baba yake. Likilia, kijiji kizima kinashika majembe.

"Ya bangili," akasema. "Siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kila mtu anavua bangili yake, anaitundika kwenye msumari wake, ndipo anaingia mferejini kufukua tope. Ukiwaacha nazo, huyu anaitwa na ofisi, yule anapigiwa na mkwe, na jembe limesimama. Ukikutwa nayo ndani ya mfereji, unakipikia kijiji makande. Mwenyekiti alipika mwaka juzi. Maharage yalikuwa mabichi, lakini tulikula."

"Wote mnavua?"

"Wote, dada. Mpaka Mchungaji."

Nilicheka kwa adabu. Nikamwomba maji ya kunywa, na alipokwenda kuyaleta nikakaa chini kwenye saruji, nikafungua kompyuta yangu.

*

Naitwa Aikande Kileo, na kazi yangu ni uzinduzi wa mitihani. Tangu Sheria ya Mashine ipitishwe, miaka kumi na tisa sasa, mashine yoyote yenye uwezo wa kuua mtu haipewi kazi kabla haijapita mbele ya Mtahini. Mtahini ni programu ya taifa, amefungwa kwa lakiri na hakuna anayeruhusiwa kumgusa. Anajiendesha mwenyewe. Anajenga dunia ndogo ndani yake, anaiweka mashine humo, na kuipitisha katika misimu elfu kumi kwa muda wa saa tatu. Mashine ikiua mtu mmoja katika msimu mmoja, imeanguka.

Watu wakisikia hivyo wanadhani Mtahini ni mjuzi wa kutisha. Wapi! Hajui lolote. Hajui kama mahali ni mlimani au bondeni, hajui kama watu wa huko wanalima au wanavua samaki, mpaka aambiwe. Sisi wazinduzi ndio wa kumwambia. Kila mmoja wetu ana programu aliyoiandika kwa mikono yake, tunaiita kizinduzi, na kizinduzi ndicho kinachomwamsha Mtahini na kumkabidhi mazingira. Mazingira ni orodha ya mistari tu. Jina, alama ya sawasawa, thamani. UREFU_WA_MFEREJI=KM_9. MVUA_ZA_VULI=HAFIFU. Basi. Ulichoandika ndicho kilichopo duniani, na usichokiandika hakijaumbwa.

Mashine ya Vumbeni iliitwa Mgawaji. Ndiva ya zamani, lile bwawa dogo ambalo mababu wa Kipare walilikinga kwa udongo na mawe, ilikuwa imepanuliwa ikawa bwawa kweli, na lango lake la gogo lililofunguliwa kwa mkono lilizibwa kwa zege. Sasa kulikuwa na lango la chuma, na funguo alikuwa nazo Mgawaji peke yake. Yeye angepima kiu ya mahindi, angepima kina cha bwawa, angehakikisha mferejini hamna mtu, kisha angefungua maji ya kimo cha kifua. Na alijuaje kama mna mtu? Kwa bangili. Mfereji ulipita chini ya migomba kilomita tisa, kamera zingeona majani tu. Bangili ndiyo iliyomwambia kila mashine nchini kwamba hapa pana binadamu.

Mimi ndiye niliyemzindua Mtahini kwa ajili ya Mgawaji, mwezi uliopita, nikiwa mezani kwangu Dar es Salaam. Misimu elfu kumi, vifo sifuri. Cheti kikatoka, nikapongezwa kazini, tena keki ilikatwa.

Kwenye saruji ile ya Vumbeni nikafungua orodha ya mazingira niliyokuwa nimekabidhi. Mistari mia mbili na kumi na miwili. Nikaipitia kwa kidole, na kwenye mstari wa mia na arobaini na saba nikaukuta.

WATU_BILA_BANGILI=0

Sikumbuki kuuandika kwa ajili ya Vumbeni, kwa sababu sikuuandika kwa ajili ya Vumbeni. Niliuandika wiki moja kabla, nilipokuwa nikiipima milango ya treni za mjini, ambako abiria asiye na bangili hata haingii stesheni. Niliuweka kwenye kompyuta yangu kwa amri moja ya haraka, kazi ikaisha, nikausahau. Na kizinduzi changu nilikiandika kivivu. Programu inayozindua tunaiita mzazi, inayozinduliwa tunaiita mtoto, na mtoto asipoambiwa vinginevyo hurithi kila kitu ambacho mzazi anacho saa ile. Kwa hiyo Mtahini alipoamka, alirithi mezani kwangu mstari wa treni, akaupeleka mlimani. Akajenga Vumbeni elfu kumi, na katika zote hizo hapakuwa na msumari hata mmoja.

Jumamosi saa sita mchana Mgawaji angekabidhiwa lango. Jumamosi hiyo hiyo asubuhi ilikuwa msaragambo. Watu mia tatu wangekuwa ndani ya mfereji, mikono mitupu, na Mgawaji angeangalia kilomita zote tisa asione mtu.

Bi. Nambike alirudi na kikombe. Nikanywa maji yote kwa mkupuo, naye akaniuliza kama naumwa.

*

Mbazi nilimkuta anafunga nyaya kando ya lango. Tulisoma wote chuo, yeye akaenda kuunda mashine na mimi nikaenda kuzipima, na Mgawaji alikuwa kazi ya mikono yake. Tena alizaliwa hapo hapo Vumbeni. Nikamwonyesha mstari.

Aliusoma. "Misumari naijua," akasema polepole. "Nimeiona tangu nikiwa mtoto. Ila Mtahini alivyosema sawa, nikajua mmeshaiweka kwenye mazingira."

"Na mimi nilijua kama kuna jambo la namna hiyo ungesema."

"Haya. Sasa sikiliza, Aikande. Ukifuta cheti, lango linafungwa siku tisini. Si ndiyo sheria? Mahindi yale umeyaona?"

Nilikuwa nimeyaona. Yalishatoa mbelewele, na majani yalianza kujikunja tangu asubuhi.

"Yana siku nane," Mbazi akasema. "Bila maji hakuna mavuno, na ghala ni tupu. Na lango la mkono ndilo hilo, tumelimwagia zege sisi wenyewe. Kwa nini tusiwaambie tu wavae bangili? Tangazo moja, mambo yamekwisha. Hakuna anayeumia, hakuna anayefukuzwa kazi."

Sitajifanya malaika. Maneno yale yaliniingia vizuri sana. Tangazo moja! Ningerudi Dar na mhuri wangu wa uzinduzi mfukoni, na Vumbeni wangekula. Nilisimama pale nikiyapenda kwa dakika nzima.

"Nani ataliheshimu hilo tangazo?" nikauliza mwisho.

"Watu."

"Nani anasimamia faini ya makande?"

Mbazi akafuta mikono kwenye suruali.

"Nakuuliza, Mbazi."

"Mama," akasema.

"Bi. Nakijwa atavaa bangili mferejini kwa sababu ya tangazo letu?"

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyebanwa. "Mama hata akifa atauliza kama malaika wamevua."

"Na mwaka ujao? Na mwaka wa kumi, mimi na wewe hatupo hapa, na tangazo limeliwa na mchwa? Msumari wa mama yako uko safu ya tatu. Nimeuona."

Aliinama akaokota koleo lake, akaanza kulifungua na kulifunga bila kukata kitu.

*

Fomu ya kufuta cheti ina visanduku viwili. Cha kwanza kinasema: Mashine imeshindwa. Hicho nimekiona kikitiwa alama mara nyingi, na baada yake ni siku tisini. Cha pili kinasema: Mazingira hayakuwa ya mahali husika. Katika miaka yangu kumi na mmoja sijapata kumwona mtu akikitia alama, kwa sababu chini yake pana nafasi ya jina, na jina linalotakiwa pale ni la mzinduzi mwenyewe.

Nilikuwa nimeshaamua kusema ukweli kabla ya kusoma maandishi madogo. Naomba niaminiwe kwa hilo. Niliwaza mahindi, nikawaza mfereji, nikaona mahindi hupandwa tena. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kisanduku cha pili, ndipo macho yakateremka.

Maandishi yalisema hivi. Mtihani uliozinduliwa katika mazingira yasiyo ya mahali husika si mtihani, na mashine itahesabiwa kuwa haijatahiniwa. Inaweza kurekebishwa, na Mtahini anaweza kuzinduliwa upya siku yoyote, kwa sharti kwamba mzinduzi akiri kosa lake mbele ya watu wa mahali hapo, awasomee mazingira mstari kwa mstari, na wao wayakubali. Mashine ikianguka mara hiyo, lango litafungwa siku tisini na mzinduzi atanyang'anywa mhuri.

Mficha uchi hazai. Nikakitia alama kisanduku cha pili, nikaandika Aikande Kileo, nikatuma. Kisha nikamtafuta Bi. Nambike nikamwomba apige baragumu Ijumaa asubuhi.

"La msaragambo?"

"La mkutano."

"Mkutano hauna baragumu," akasema. Akanitazama usoni, akaona kitu. "Haya. Nitabuni mlio."

*

Ghala la mahindi la kijiji lilikuwa tupu, ndiyo maana lilitutosha sote. Walikuja mia tatu na zaidi. Nilisimama juu ya mzani wa magunia ili nionekane.

"Mimi ndiye niliyesema mashine hii ni salama," nikaanza. "Nilimwambia Mtahini kwamba Vumbeni hakuna mtu anayevua bangili. Sikuja kuuliza, niliandika nikiwa Dar. Kama lango lingefunguka kesho mkiwa mferejini, maji yangewakuta humo. Kosa ni langu, si la Mbazi. Nimekuja kuwaomba mnisaidie kulisahihisha leo hii, kwa sababu kesho mahindi yanataka maji."

Kisha mzee mmoja mwenye koti la kijivu, ndiye Mchome wa msumari wa kwanza, akanyoosha mkono.

"Wewe ni wa wapi, mwanangu?"

"Machame."

"Aa!" Akageukia wenzake. "Ni Mchaga, jamani. Msimlaumu, mawazo yalikuwa dukani."

Ghala lilicheka mpaka vumbi la pumba likashuka kutoka kwenye boriti, na mimi nikacheka, na machozi yakanitoka wakati huo huo. Mtani akishakutania umeshasamehewa nusu. Nusu iliyobaki ilinibidi niifanyie kazi.

Kizinduzi nilikuwa nimekiandika upya alfajiri. Amri yake ya kwanza sasa ilikuwa fupi: anza mtupu. Mtoto asirithi chochote cha mzazi, apewe kile tu nitakachompa kwa mkono. Nikaitundika orodha kwenye shuka jeupe kwa taa ya kurusha picha, nikaanza kusoma.

Sasa, Wapare tunawajua. Inasemekana Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Mimi nilikwenda mbele ya watu hao nikawaambia wakubali au wakatae mistari mia mbili.

"Ng'ombe mferejini, sifuri," nikasoma.

"Pinga!" akasema Mama Kiondo. "Ng'ombe wa Mchome wanashuka kunywa kila Jumanne."

"Si kila Jumanne," Mchome akasema.

"Nina mashahidi."

Nikaandika: ng'ombe, kila Jumanne, mwenyewe anakataa. Nikasoma kuhusu upana wa mfereji, Mwalimu Mgonja akasimama akasema pale kwenye mwamba unabana nusu, na maji yakifika hapo hupanda. Nikaandika. Nikasoma idadi ya wafuaji nguo, wanawake wanne wakanisahihisha kwa pamoja na kila mmoja kwa idadi yake. Kuna Elieza, kiziwi tangu kuzaliwa, anayechimba mchanga kwenye kona ya tatu. Kuna bwana mmoja, jina lake tuliambiwa tulihifadhi ingawa alikuwepo na alikuwa anainama, ambaye akinywa dengelua, ile pombe ya miwa, hulala mferejini kwa sababu pana ubaridi. Kila kitu nikakiandika. Mistari ilifika mia tatu na arobaini, na kila mmoja ulikuwa umepita kwenye meno ya kijiji kizima. Nilikuwa nimefanya kazi hii miaka kumi na mmoja na sijapata kuwa na mazingira mazuri namna ile. Furaha ilinikamata pale pale juu ya mzani.

Mbazi alikuwa kwenye kona, amepiga magoti mbele ya kompyuta yake, anamrekebisha Mgawaji. Mashine ilikuwa na vinasa sauti ishirini na sita kando ya mfereji, vya kusikilizia maji yanayovuja. Mbazi alikuwa akiifundisha ivitumie kusikia baragumu: likilia la kuingia, funga, likilia la kutoka, fungua.

"Imekwisha," akatangaza. "Sasa anamsikia Bi. Nambike."

"Na mimi nikiumwa?" akauliza Bi. Nambike.

Kila mtu akageuka.

"Nauliza tu. Mwaka juzi niliumwa mafua wiki mbili, nikashindwa kupuliza hata mshumaa. Watu waliingia mferejini kwa kuitana. Na Elieza, yeye baragumu atalisikia kwa sikio lipi? Na huyu wa dengelua?"

Kama ningezindua wakati ule, katika misimu elfu kumi Bi. Nambike angeumwa mara nyingi tu, na tungeanguka. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi.

Aliyesimama alikuwa mama mfupi mwenye kitenge cha zambarau, na nikamtambua kwa jinsi watu walivyompisha. Bi. Nakijwa, mama yake Mbazi, mshika faini.

"Mbazi," akasema, "baba yako alikuwa mlinzi wa lango la gogo miaka ishirini na sita. Aliua watu wangapi?"

"Hakuna, mama."

"Kwa nini?"

"Sijui, mama."

"Hujui kwa sababu ulikuwa shule ya bweni. Baba yako hakuwahi kufungua maji kwa mara moja. Alianza kwa kuinua gogo kidogo, upana wa kidole, maji ya kulowesha nyayo tu. Aliyaita maji ya hodi. Yakifika kwa mtu, kiziwi au mlevi, anayasikia kwa mwili wake. Anatoka, au anaita 'Subiri!' gogo lishushwe. Akitoka, waliopo kingoni wanaitikia 'Karibu!', na wa chini yao wanaitikia, mpaka mwisho wa mfereji, na baba yako anasikia. Hodi tatu. Zikijibiwa anafungua. Zisipojibiwa anashusha gogo anakwenda nyumbani kula. Wewe kwa mtu unapiga hodi tatu, hakuna anayejibu, unaingia?"

"Hapana, mama."

"Basi kwa nini maji yako yaingie?"

Mbazi aligeukia kompyuta, na vidole vyake vikaanza kukimbia. Nilimsogelea nikaona anaandika huku anapangusa macho kwa mkono wa shati. Hodi ya kidole, dakika kumi, mara tatu. Sikiliza kila kinasa sauti. "Subiri" moja, funga. "Karibu" kwenye vyote, fungua. Kimya, funga, kesho ni siku.

"Mama," akasema bila kuinua kichwa, "asante."

"Andika," akajibiwa.

*

Nilimzindua Mtahini saa saba mchana. Kabla ya kubonyeza nilimwita Mchome, kwa kuwa alikuwa mkaidi kuliko wote, nikamwomba aseme kama kijiji kimekubali mistari yote.

"Tumekubali," akasema, "isipokuwa ule wa ng'ombe."

"Nimeandika kwamba unakataa."

"Basi sawa."

Nikabonyeza. Mtahini aliamka mtupu, akapokea mistari yake mmoja mmoja, na kwenye shuka jeupe namba zikaanza kwenda. Msimu wa kwanza. Wa kumi. Wa mia. Juu ya namba palikuwa na nukta mbili, kijani na nyekundu. Nyekundu ikiwaka mara moja tu, kazi imekwisha.

Nilidhani watu wangekwenda majumbani. Hawakwenda. Mtahini huonyesha misimu migumu kwa ufupi, kama picha za kuchora, na kijiji kilijitambua humo kikaanza kujishangilia. Mvua kubwa ya msimu wa elfu mbili ilipobomoa kingo pale kwenye mwamba, Mwalimu Mgonja alipiga kelele kwamba aliwaambia. Katika msimu wa elfu nne ng'ombe walishuka, maji ya hodi yakawalowesha kwato, wakatoka kwa hasira, na ghala likamgeukia Mchome. Mchome akatazama paa.

Msimu wa elfu nane mia tisa na mbili ndio uliotutoa jasho. Bi. Nambike wa kwenye shuka alikuwa kitandani. Baragumu lilikuwa kimya. Watu mia tatu walikuwa mferejini kwa kuitana, bangili zote misumarini. Elieza alikuwa kwenye kona ya tatu na bwana wa dengelua amelala. Mgawaji alitazama kilomita tisa, hakuona bangili hata moja, na bwawa lilikuwa limejaa, na mahindi yalikuwa na kiu. Ulikuwa ni mtihani ule ule ambao mwezi uliopita sikumpa. Mbazi alinishika kiwiko akakibana mpaka kikauma.

Lango liliinuka upana wa kidole.

Maji yalishuka membamba. Yakafika kwa mtu wa kwanza. "Subiri!" akasema yule mtu mdogo wa kuchorwa, na wa pili akasema, na lango likashuka likafunga. Nukta ya kijani.

Sijui nani alianza vigelegele. Nilisikia tu vikizunguka ghala lile tupu, na havikukoma mpaka namba ilipofika elfu kumi na kusimama. Misimu elfu kumi. Vifo, sifuri. Safari hii nilijua sifuri ile imetoka wapi. Mchungaji alitaka kuomba, lakini hakuna aliyemsikia, akaamua kucheza na wengine.

*

Jumamosi asubuhi baragumu lililia, na watu wakaja na majembe.

Nilikuwa na barua kwenye bangili yangu kutoka ofisini. Ilisema cheti kipya kimepokelewa, na kwamba kosa la mazingira limeandikwa kwenye faili langu na halitafutwa kamwe. Niliisoma mara mbili. Nilidhani itaniuma zaidi. Kisha Bi. Nambike akanigusa bega, akanionyesha ukuta. Chini ya safu ya tano palikuwa na msumari mpya, na juu yake chokaa bado mbichi: Aikande.

Nikavua bangili, nikaitundika.

Sijashika jembe tangu nizaliwe, na walinitania kwa hilo asubuhi nzima. Mikono ilitoka malengelenge. Nilifukua tope kando ya Bi. Nakijwa, ambaye alinikagua vifundo vya mikono mara tatu kama nimeficha kitu. Saa sita kasorobo Bi. Nambike akapiga la kutoka. Watu walipanda kingoni, wakajipanga kilomita zote tisa, wamejaa tope mpaka magotini.

Mimi sikupanda. Nilibaki chini, karibu na lango, miguu mitupu.

"Dada, toka!" Bi. Nambike akaita.

"Nasubiri mgeni," nikamjibu.

Mbazi alikuwa juu ya ukuta. Alinitazama akaelewa, na hakunizuia. Nilikuwa nimewaweka watu hawa mbele ya mashine ile mara elfu kumi nikiwa nimekaa kitini. Mara moja nilitaka nisimame mimi.

Saa sita kamili chuma kiliguna. Mgawaji alikuwa hanioni, bangili yangu ilikuwa msumarini na kwa macho yake mfereji ulikuwa mtupu. Maji yakatokea chini ya lango, membamba, upana wa kidole, yakaja yakinusa udongo tuliofukua. Yakagusa vidole vya miguu yangu. Yalikuwa ya baridi. Yakapita taratibu, yakaendelea na safari.

Nikapanda kingo. Bi. Nakijwa alinivuta mkono, na nilipokuwa nimesimama vizuri akaniambia, "Haya, jibu basi. Amebisha hodi kwako."

Nikavuta pumzi mpaka tumboni.

"Karibu!" nikaita.

"Karibu!" akaitikia Mchome, na Mama Kiondo, na Mwalimu, na neno likashuka chini ya migomba kutoka kinywa hadi kinywa mpaka sikulisikia tena, na Mgawaji akalisikia kwa masikio yake yote ishirini na sita. Hodi ya pili ikaja, tukaijibu. Ya tatu tukaijibu kwa nguvu zaidi. Ndipo lango likainuka lote, na maji ya kimo cha kifua yakapita mbele yetu kwenda kwenye mahindi.